Pasi ya treni, tiketi moja moja au ndege?

Wapendwa mnaotoka Dar au Nairobi kuja kuzunguka Ulaya, pasi yenu (yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi) ni Eurail, ile Interrail ni ya sisi tunaoishi huku. Ujerumani na Austria pasi ni raha tupu, treni nyingi unapanda tu bila kubuku siti, ila Ufaransa na Hispania treni za kasi lazima ulipie siti juu ya pasi, na hapo ndo hela inapoishia, kwa hiyo kama safari yako ni Paris-Barcelona tu kata tiketi mapema, achana na pasi. Ndege nazo bei isikudanganye, begi unalipia, halafu unaweza ukashushwa uwanja wa ndege wa Beauvais, kilomita kama 80 kutoka Paris, na basi nalo hela! Mie nachagua treni, unashukia mjini kabisa.