Siku umeme ulipokatika mbele ya juri

Juzi kitindamimba wangu alikodolea macho kona ya dari, pale juu ya taa ya petroli, akaniuliza: "Papa, ule utando mweusi ni wa buibui gani?" Nikamwambia si buibui, ni masizi. Chembe ndogo mno zimegongana hewani, zikashikana, mwisho zikawa nyuzi. "Nani alizifunga?" Hakuna aliyezifunga. Basi nikaikumbuka siku ya kutetea TFC yangu, kazi ya kumaliza masomo ya chuo, mbele ya juri ya walimu.

Umeme wa Goma mnaujua, sina haja ya kueleza. Slaidi ya pili tu, giza. Grafu zangu zote za rangi, kazi ya kukesha kwenye kompyuta ya kuazima, zikapotea ukutani. Rais wa juri hata hakuinua kichwa: "Endelea. Chaki ipo."

Nikaandika mlinganyo wa Smoluchowski wa 1916, unaoeleza jinsi chembe za hewani zinavyogongana na kushikana. Kwa bahati si mrefu. Unasema migongano hufuata idadi ya chembe ikizidishwa kwa yenyewe: chembe zikibaki nusu, migongano inabaki robo. Nikawaambia ni kama Birere, mtaa wetu wa soko, saa nne asubuhi hupiti bila kupigana vikumbo, jioni wauzaji wakishaondoka unapita bila kumgusa mtu. Moshi mzito wenye chembe milioni moja katika kila sentimita ya ujazo hupungua nusu kwa muda wa kama nusu saa. Zikiwa elfu kumi tu, ni siku mbili na zaidi. Na kinachopungua ni idadi. Uzito wa moshi uko palepale.

Profesa mmoja mzee, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akainuka akavuta pazia. Jua likaingia mshazari. Akachukua kifutio akakipiga mezani mara moja, pa! Vumbi la chaki likajaa kwenye ule mwanga.

"Kijana, hizi zinazocheza hapa, ni mwendo wa Brown?"

Yaani ule mtikisiko wa ovyo wa chembe zinaposukumwa na molekuli za hewa, ndio unaozikutanisha katika mlinganyo wangu. Nyuma watu wakacheka. Mimi nikabaki nikiliangalia lile vumbi. Karibu na dirisha lilikuwa linapanda. Karibu na meza linashuka, polepole, na punje nene zikitangulia.

"Hapana, Profesa. Hizi ni kubwa mno. Zinabebwa na upepo wa dirishani, kisha uzito unazishusha. Mwendo wa Brown unatawala zile zilizo chini ya mikromita moja, sehemu ya elfu ya milimita, na hizo kwa macho hatuzioni."

"Kwa hiyo mlinganyo wako haufai humu ndani."

"Unafaa kwa moshi wa mbabula, jiko la makaa, unaoingia kwa dirisha hilohilo, Profesa. Kwa chaki tutabadilisha kipande kimoja: kile kinachosema chembe zinakutana kwa kasi gani. Hapa kubwa zinaanguka upesi na kuzikumba ndogo njiani."

Hakujibu. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaandika tena, akaketi.

Wakatoka, wakarudi, distinksioni, picha, makofi. Nje Mama alikuwa amekalia kreti ya sukari, amevaa kitenge cha sikukuu.

"Walikuuliza nini?"

"Vumbi la chaki, Mama."

"Minervali yote ile, karo yote ile, kwa vumbi la chaki?"

Mpaka leo sijajua kama alikuwa anatania.