Mifuo Mitatu

Jumapili usiku. Viganja bado vinanuka vanishi.

Usukani huu wa meli niliununua Gerezani, Dar es Salaam, kwa muuza vyuma chakavu aliyeupima kwa kilo za shaba yake. Mbao kwake zilikuwa takataka. Gurudumu la msaji, mikono minane, mmoja umekatika. Nilivuka nao hadi Unguja nimeupakata kama mtoto, abiria wenzangu wakinicheka.

Skrubu ndizo zilizoanza kunitoa jasho. Mtu aliwahi kuzitoa zile za shaba akatia za chuma, na chuma na shaba vikikaa pamoja penye chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Vichwa vimebaki unga. Nimezitoboa moja moja.

Nati ya kitovu haikuwepo kabisa. Nilijaribu ya milimita 16, ikaingia mizunguko miwili ikakwama. Duka moja wakaniambia nilazimishe kwa spana! Afadhali sikuwasikiliza. Nilifunga karatasi juu ya uzi, yaani meno ya kufungia nati, nikaisugua kwa penseli, nikahesabu alama: meno 11 ndani ya inchi moja. Hicho ni kipimo cha Whitworth cha inchi 5/8, mtindo wa Waingereza tangu 1841. Unene wake unakaribia milimita 16 mno, ndiyo maana nati ya leo inakubali kwanza halafu inagoma. Ningelazimisha, ningeyala meno yote. Fundi wa kukereza alinitengenezea nyingine kwa kipande cha shaba alichokuwa nacho chini ya meza, akanidai bei ambayo mke wangu sitamtajia.

Mkono uliokatika kachonga seremala wa jirani. Msaji mpya, rangi imepauka kidogo. Basi.

Kosa langu ni la jana. Mkono mmoja ulikuwa na mifuo mitatu ikiuzunguka karibu na ncha. Nikajisemea, hiyo ni kamba iliyoukwaruza miaka mingi. Nikaushika na msasa. Ami akaingia, yeye kafanya kazi melini ujana wake wote.

“We! Unafuta nini hapo?”

“Mikwaruzo, ami.”

Akauchukua mkono ule, akapitisha kidole gumba. “Usiku baharini, giza totoro, utajuaje usukani umenyooka? Mkono huu ukiwa juu, umenyooka. Unapapasa tu, macho yako mbele.” Akanitazama. “Huu ndio mkubwa wao, na wewe unaunyoa.”

Mfuo mmoja ulishakwenda. Nikamwambia nitampelekea seremala auchonge upya. Akakataa: miwili inatosha, kidole hakihesabu.

Leo nimepaka vanishi mikono yote isipokuwa huo na ule mpya. Kabla ya kupanda kulala nilizima taa, nikauzungusha, nikausimamisha, nikapapasa. Mara ya kwanza nilishika wa seremala.