Yeye

Kipupwe cha 2009 niliishi kwa shangazi yangu Columbus, Ohio, nikisoma fasihi ya Kimarekani. Shangazi alikuwa akitunza wazee usiku. Akiamka mchana tunakaa jikoni, yeye na chapati zake, mimi namsimulia nilichosomeshwa. Vitabu vya Kiingereza havikumvutia. Hadithi ndiyo aliyoitaka.

Wiki moja tulipewa Giovanni's Room ya James Baldwin, riwaya iliyotoka 1956. Niliimaliza kwa usiku mmoja, na usiku mzima David, msimulizi, alikuwa mtu mweusi kichwani mwangu. Nyuma ya kitabu kulikuwa na picha ya Baldwin, mtoto mweusi wa Harlem, New York, mwenye macho makubwa. Ningemwona nani mwingine? Darasani, na mweusi humo nilikuwa mimi tu, mwalimu akatufungulia ukurasa wa kwanza. David amesimama dirishani, giza linaingia, anajiona kwenye kioo, na nywele zake za rangi ya dhahabu zinang'aa. Zilikuwepo pale pale. Mimi nilizipita.

Mwalimu akaeleza kwamba Baldwin mwenyewe aliwahi kusema wakati ule asingeweza kubeba mizigo miwili katika riwaya moja: wa rangi na wa wanaume wanaopendana. Ilibidi tungoje Another Country, 1962, ndipo aibebe yote. Niliumia sana. Mtu amfungie mweusi mwenzake nje ya kitabu, ili apate nafasi ya kusema ukweli wake mwingine!

Nikaenda nyumbani kumsimulia Shangazi. Mmarekani yuko Paris, mchumba wake kasafiri Hispania, huku nyuma anapendana na mhudumu wa baa aliyetoka Italia. Wanaishi katika chumba kidogo, vioo vya dirisha vimepakwa dawa nyeupe ya kusafishia ili watu wasichungulie. Kiswahili kikanisitiri. Akamkumbatia, akamsubiri, akamlilia: hakuna kiambishi hata kimoja kilichonisaliti. Jina la Giovanni sikulitaja. Mchumba anarudi, David anamwacha mpenzi wake. Yule mpenzi, kazi hana, senti hana, anaishia kumuua tajiri wake wa zamani, na Wafaransa wanamhukumu kukatwa kichwa.

Shangazi alikuwa ameacha kusukuma. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, unga ukambaki shavuni.

"Maskini, binti wa watu," akasema. "Na huyo mwanamume asimtetee!"

Ningeweza kunyamaza. Moyo ulinienda mbio. Neno nililokuwa nalo kwa mtu kama Giovanni lilikuwa shoga, na Shangazi, mtu wa Tanga, kutwa alikuwa kwenye simu na wenzake wa tangu madrasa: "Shoga yangu, u hali gani?" Neno lake la mapenzi hilo. Mimi nilikuwa nimeshasikia wanaume wakirushiwa kama jiwe. Sikuweza kulitamka mbele yake.

"Shangazi, si binti," nikasema. "Ni mwanamume. Anaitwa Giovanni."

Akanitazama. Chapati ikaanza kutoa moshi. Akaigeuza kwa ncha za vidole, upande ule wote ni mweusi.

"Astaghfirullah," akasema polepole. Nikainamisha kichwa, nikingoja maneno. Hayakuja. Niliyasikia mafuta tu yakichachatika kwenye chuma.

Kisha akauliza, "Na mama yake huko Italia, alipewa maiti amzike?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Kinaishia asubuhi, David barabarani, ameichana barua yenye habari za kuuawa kwa mpenzi wake, na upepo unamrudishia baadhi ya vipande.

"Hakisemi," akarudia. Akachukua donge jingine, akalinyunyizia unga, lakini hakulisukuma.