Fidla Iliyomsubiri Shangazi

Tangu Aprili 2020 Mombasa na Kilifi zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, hutoki wala huingii. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, nao ukafungwa peke yake. Nikabaki na udi wangu, ala yangu ya nyuzi, chumba cha juu. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwimbaji wa kikundi chetu cha taarabu, yuko Malindi. Maalim wa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana, yuko Unguja, na binamu yangu wa fidla alikuwa Muscat, ambako nako watu walifungiwa. Arusi zote tulizoalikwa kupiga baada ya Idi zilivunjwa.

Tulianza kwa simu ya video, sote wanne. Haikufaa hata kidogo. Shangazi akitoa neno, fidla inamjibu yeye keshafika neno la tatu. Ukumbini binamu hukaa mita tatu kutoka nilipo, na sauti yake hunifikia kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwenye simu ile ilichelewa mara kumi ya hapo na zaidi, na mkono wa mpigaji hauwezi kungoja hivyo.

Basi tukatumia kliki, ule mlio unaohesabu mapigo sikioni. Kila mtu arekodi kwake, mimi niunganishe kwenye kompyuta. Mapigo yalikaa sawa, lakini wimbo ulikakamaa kama gwaride. Shangazi aliusikiliza akanitumia sauti: "Mwanangu, humu mimi sipumui."

Alisema kweli. Katika taarabu mwimbaji hulishika neno, akalivuta, akalizungusha, na fidla humngoja mpaka alitue. Kliki haimngoji mtu.

Tukageuza kazi yote. Kodiani haibadiliki sauti zake, kwa hiyo Maalim alituma sauti moja ndefu, nami nikapatanisha nyuzi za udi kwa hiyo. Nikapiga utangulizi mfupi wa kumpa Shangazi mahali pa kuanzia. Kisha akaimba peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila mapigo. Alirekodi usiku baada ya tarawehe za nyumbani, amejifunika shuka kichwani na simu yake ili chumba kisirudishe mwangwi. Kafyu ilikuwa imenyamazisha hata bodaboda. Nilimwomba asiitume kama ujumbe wa sauti, maana WhatsApp huubana ukatoka mwembamba; aitume kama faili.

Sauti ile niliisikiliza mara arobaini kabla sijagusa uzi. Nilijua anavuta pumzi wapi, na beti ya pili bangili zake zinagonga wapi. Sikuziondoa bangili, kwangu ni sehemu ya wimbo. Niliweka udi juu yake, Maalim akaweka kodiani, na dumbak nikaipiga mimi mwisho kabisa, ingawa kwa mazoea ya studio ngoma ndiyo hutangulia. Kwa taarabu naona huo ndio utaratibu wa haki: sauti ya mtu kwanza, sisi wengine nyuma yake.

Binamu alirekodi mara nne. Ile ya nne, penye neno refu la beti ya mwisho, aliinua upinde akanyamaza, akashuka pale pale Shangazi alipotua.

Usiku wa kuamkia Idi niliwatumia wote. Shangazi alijibu karibu na alfajiri: "Fidla imenisubiri."