Afande wa Kamwokya

Jana mtoto karudi shule na homuweki ya Kiswahili, begi kalirusha huko, ananiuliza, mama, ni kweli Kiswahili ni lugha ya maafande? Eti jjajja, yaani bibi, wa jirani ndo kamwambia. Nilicheka mpaka ugali ukashika chini, maana nilikumbuka ile elfu moja.

Ilikuwa 2018, mwezi wa saba, wametoka tu kuweka ile kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku ndo ufungue WhatsApp au Facebook. Mimi ningejulia wapi. Nimevuka mpaka wa Mutukula asubuhi kuingia Uganda, nimenunua laini, nimeweka bando la maana, nikajiona mjanja. Kumbe bando ni bando na OTT ni OTT, halafu OTT inalipwa kwa mobile money na laini yangu mobile money haijafunguliwa. Na dada naye WhatsApp alikuwa bado anatumia namba yake ya Bongo, laini yenyewe iko kwenye droo, ukipiga haipatikani. Yaani nimeingia Kampala saa moja jioni, bando limejaa, na siwezi kumwambia mtu hata "nimefika".

Nilichokuwa nacho ni voice note aliyotuma kabla sijavuka: panda taksi za Ntinda, shuka Kamwocha, utanikuta hapo steji. Taksi tena! Kwetu taksi ni ya wenye hela, kumbe huku taksi ndo hivihivi vi-Hiace, daladala kabisa, vyeupe vina vibox vya bluu.

Basi nimekaa, nasoma vibao. Wandegeya, Mulago... natafuta Kamwocha. Naona duka limeandikwa Kamwokya, saluni Kamwokya, famasi Kamwokya, najisemea hii Kamwokya nayo ndefu jamani, Kamwocha itakuwa mbele. Nani angeniambia kuwa Waganda wakiandika ky wanasoma ch? Mpaka dada wa pembeni yangu akapokea simu, "ndi Kamwocha, ndi Kamwocha," yaani niko Kamwocha, na gari linazidi kwenda.

Nikapiga kelele. "Shusha! Shusha hapahapa!"

Jamani. Gari zima kimya, imebaki redio tu. Dereva kakanyaga breki tukainama wote, kijana wa mbele kaficha simu mfukoni, na konda, ambaye tangu paki alikuwa anagombana na watu kwa jeuri sana, karuka chini kafungua mlango, "Yesi afande, sori afande," na elfu moja yangu kaniwekea mkononi. Nadhani na lile koti langu la kijani lilichangia. Nikabaki nimeduwaa na begi kichwani, nataka kusema mimi ni mwalimu wa chekechea, lakini kwa lugha gani sasa? Ndo hiyohiyo iliyowatisha.

Navuka magoti ya bibi mmoja, akanishika mkono. "Mutanzania?" Ndiyo bibi. Akanitazama. "Mukomboozi," akasema taratibu, hakutabasamu wala hakukunja uso, akaniachia. 1979, Watanzania walipokuja kumng'oa Amin, mimi sijazaliwa bwana, aliyekuja huku ni baba mdogo, na hadithi zake zote za vita zilikuwa ni ndizi.

Dada nilimkuta steji anacheka hawezi kusimama. Yeye anasema bibi alinisifia. Mume wangu, ambaye ni wa hukuhuku, anasema inategemea wale wakombozi kwao walipita mchana au usiku. Mimi mpaka leo sijui.

OTT yenyewe waliifuta 2021, wakahamia asilimia 12 kwenye bando. Na mimi siku hizi nikitaka kushuka nasema "maaso awo" kama wenzangu, tena kwa upole.

"Sasa konda ulimrudishia elfu yake?" mtoto kauliza.

Nikamwambia alete hiyo homuweki tuifanye.