Taa ya eabegi kwenye Honda Fit, fundi akataka kuunga waya

Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, ilikuwa inawaka inazima, mwisho ikabaki inawaka moja kwa moja. Gari ni Honda Fit, nabebea sato kutoka Mwaloni Kirumba, ndoo za barafu zinakaa nyuma ya siti za mbele na kwa vilima vya Mwanza hivi maji lazima yamwagike. Wengi tunaipuuza hiyo taa ila ikiwaka hivyo siku ya ajali eabegi inaweza isifumuke kabisa.

Nikampelekea fundi, mashine ya kusoma makosa ya gari ikasema shida iko siti ya abiria. Fundi akamulika chini ya siti, kuna soketi ya njano, waya mmoja umeliwa na kutu mpaka shaba imekuwa kijani. "Bosi nakata hapa, naunga, napiga tepu, unaondoka." Nikamwambia subiri kwanza fundi, maana mwongozo wa Honda nilishausoma, wanasema waya wa SRS, yaani mfumo wa eabegi, hauungwi, ukiharibika unabadilisha hanesi, lile fungu zima la waya na soketi zake, na spea za eabegi ziwe mpya sio za kung'oa gari jingine. GM, kampuni ya magari ya Marekani, wao wanaruhusu kuunga lakini kwa vifungio vyao maalumu, sio tepu ya dukani. Shida ni kwamba ukinzani wa hiyo laini, yaani inavyozuia umeme, ni ohm chache tu na kompyuta ya eabegi inaupima muda wote, kiungo kikishika kutu kidogo hesabu imeharibika.

Akanuna, ila akakubali. Hanesi tukaagiza Dar kwa chesisi namba, ikaja na basi, bei iliniuma kusema kweli.

Siku ya kufunga tukazima swichi, tukatoa waya wa negativu wa betri tukakaa dakika 3 kama wanavyoelekeza, maana kompyuta inabaki na chaji ya kufumua eabegi hata betri ikiwa nje. Hapo fundi alitaka kuchomeka mita ya umeme kwenye eabegi apime ohm, nikashika mkono wake, umeme wa mita unaweza kuilipua. Ndani ya ile soketi kuna kibati kidogo, ukichomoa kinagusanisha waya mbili ili isifumuke kwa bahati mbaya, akakiangalia sana, hakuwahi kukiona.

Tukarudisha betri, mashine ikafuta makosa, ukiwasha swichi taa inakaa kama sekunde 6 inazima. Fundi akaomba ile hanesi ya zamani, nikaikatakata kwanza, najua ingeishia kwenye gari ya mtu.