Sudoku ya tarakimu kumi: jinsi nilivyoifungua

Mpwa wangu wa Wete alinitumia sudoku, fumbo la kujaza tarakimu bila kuzirudia katika mstari, safu wala boksi la vyumba 3 kwa 3, ila hii ilivunja sheria makusudi. Inatumia 0 hadi 9, ilhali vyumba vya kila mstari bado ni 9. Kwa hiyo kila mstari, kila safu na kila boksi vina chumba kimoja chenye tarakimu mbili, na zote mbili huingia kwenye jumla. Haijajazwa namba hata moja; kuna mafungu ya vyumba tu, kila moja na jumla yake, bila tarakimu kurudiwa ndani yake.

Baada ya Isha, barazani Mkunazini, wenzangu walianza kubahatisha. Mimi sipendi. Fumbo zuri lina mlango wake.

Mstari wa juu ulikuwa na vyumba 2 jumla 20, vyumba 3 jumla 12, vyumba 3 jumla 6, na kimoja nje ya mafungu. Itazame hiyo 20. Vyumba viwili vya kawaida haviwezi kupita 9 na 8, yaani 17. Basi chumba cha tarakimu mbili kimo humo, na vilivyobaki vina mojamoja. Sifuri haiongezi kitu, kwa hiyo jumla ya mstari ni 45 ile ile tuliyoizoea. Toa 38: chumba cha pekee ni 7!

Fungu la 6 lina njia tatu: 0-1-5, 0-2-4, 1-2-3. Chini yake, boksi hilo hilo, vyumba viwili jumla 5. Kila njia ya kupata 5 inagongana na 0-2-4, basi hiyo nikaifuta, na 1 ikajulikana iko juu.

Mpwa akauliza, "Mjomba, hukukisia kweli?" Nikampigia picha mstari wa juu, nikaendelea na boksi la pili.